Minoksidili haipandishi wala haishushi homoni zako

Kijana anayetamani ndevu anapaka minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, mashavuni akiamini itampandishia homoni za kiume. Kaka yake aliyeanza kuota kipara anaiogopa chupa ileile, kwa kuwa amesikia inazishusha. Dada yao hataki hata kuigusa, asije akaota sharubu. Wote watatu wameshika imani moja: kwamba kinachootesha nywele lazima kipitie kwenye homoni. Imani hiyo inawagharimu watu fedha na amani ya moyo, na wengine inawafanya wakimbie dawa isiyo na kosa huku wakijipaka nyingine ambayo kweli inagusa homoni.

Minoksidili haikutengenezwa kwa ajili ya nywele. Kampuni ya Upjohn ya Marekani ilikuwa ikitafuta dawa ya presha, na mwaka 1979 kidonge chake, Loniten, kikaidhinishwa kwa wagonjwa ambao presha yao ilikuwa imeshindikana kwa dawa nyingine. Waliokimeza wakaanza kuota nywele usoni, mikononi na mgongoni, wanaume kwa wanawake. Ndipo ikatengenezwa ya kupaka kichwani. Ile ya asilimia 2, Rogaine, iliruhusiwa Marekani kwa wanaume mwaka 1988 na kwa wanawake mwaka 1991.

“Ndevu zimetoka, basi testosteroni imepanda”

Testosteroni, homoni kuu ya kiume, haijapanda. Dawa ikishapenya ngozini hukutana na kimeng'enya kilichomo kwenye kishina cha unywele, nacho huigeuza kuwa minoksidili salfeti. Hiyo ndiyo inayofanya kazi: hufungua njia za potasiamu kwenye seli, hulegeza mishipa midogo ya damu, hufupisha muda ambao unywele umepumzika na kurefusha muda wake wa kukua. Kazi yote inafanyika palepale kwenye ngozi, na kwa wastani ni kama asilimia 1.4 tu ya dawa iliyopakwa inayoingia kwenye damu. Mtu ambaye kimeng'enya hicho kwake ni hafifu hataona mabadiliko ya maana, hata awe na testosteroni nyingi kiasi gani.

Ushahidi mwingine anao kila mwanaume usoni na utosini mwake. Homoni iitwayo DHT, ambayo mwili huitengeneza kutokana na testosteroni, ndiyo inayonenepesha ndevu, na hiyohiyo ndiyo inayosinyaza nywele za utosini kwa mtu mwenye asili ya upara. Lau minoksidili ingepandisha homoni hizo, ndevu zingejaa na kipara kingepanuka. Lau ingezishusha, kipara kingetulia na ndevu zingekonda. Lakini dawa hii huotesha nywele kote kuwili.

Mwaka 2019 nchini Hispania kulitokea jambo la kusikitisha ambalo linamaliza ubishi. Watoto wadogo waliokuwa wakipewa dawa ya tumbo, omeprazoli, walianza kuota nywele mwili mzima. Ikagundulika kwamba malighafi ya dawa ile ilichanganywa na minoksidili kimakosa. Walikuwa watoto, hawajakaribia hata balehe. Hakuna homoni ya utu uzima iliyowaotesha nywele zile, na dawa ilipoachwa zilipungua.

Niongeze kwamba matumizi ya ndevu hayamo kwenye idhini ya dawa hii. Wengi wanaitumia hivyo na wengine wanafanikiwa, ila muuzaji asikuambie kwamba anakuuzia uanaume.

“Itanimaliza nguvu za kiume”

Hofu hii ina mzazi wake, na mzazi huyo si minoksidili. Anaitwa finasteridi.

Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za familia za Jamhuri ya Dominika ambamo baadhi ya wanaume walizaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa DHT. Wanaume hao walipokuwa watu wazima tezi dume zao zilibaki ndogo na hawakuota kipara. Wanasayansi wakatafuta dawa ya kuzuia kimeng'enya hicho, wakapata finasteridi. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa uvimbe wa tezi dume, kisha mwaka 1997 kwa upara, kidonge cha miligramu 1 kwa siku.

Hapo ndipo homoni zinapoingia. Kidonge hicho hushusha DHT kwenye damu kwa kiasi cha asilimia 70. Testosteroni yenyewe haishuki, hupanda kidogo. Sehemu ndogo ya watumiaji hupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa au nguvu zake, na lipo pia onyo kuhusu huzuni nzito. Jambo jingine ambalo wanaume waliovuka miaka 50 wanapaswa kulishika: finasteridi hupunguza kwa karibu nusu majibu ya PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza tezi dume. Daktari asiyejua kwamba unaitumia anaweza kukutangaza mzima wakati tezi dume inaumwa.

Sasa chupa zimechanganyika. Siku hizi zinauzwa dawa za kupaka zenye minoksidili na finasteridi pamoja, na ninaona watu wakizichukua kana kwamba ni kitu kimoja, eti kwa kuwa zinapakwa tu. Finasteridi ya kupaka nayo huingia kwenye damu na kushusha DHT, ingawa kwa kawaida chini ya kidonge. Mwezi Aprili 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu michanganyiko ya kupaka yenye finasteridi, baada ya kupokea taarifa za madhara. Kwa hiyo soma orodha ya vilivyomo kabla ya kulipa. Mama mjamzito asikiguse kabisa kimiminika chenye finasteridi, kwa sababu kinaweza kuharibu ukuaji wa viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume aliye tumboni.

“Mwanamke akiipaka atageuka mwanaume”

Ni kweli baadhi ya wanawake huota malaika, yaani vinyweleo laini, mashavuni au kwenye paji la uso. Ni dawa iliyochuruzika kutoka kichwani, iliyohamia kwenye mto wa kulalia, au kidogo kilichopita kwenye damu. Ukiiacha, nywele hizo hupungua baada ya miezi kadhaa. Sauti haibadiliki, hedhi haivurugiki. Ukiona hedhi imevurugika, chunusi zimezidi na sauti inakuwa nzito, usiilaumu chupa. Nenda ukapimwe, kwa maana hizo ndizo dalili za homoni za kiume kuzidi, kama inavyotokea mara nyingine kwa wenye ovari za vifuko vingi, PCOS.

Na wanawake wengi wanaopukutika nywele utosini wana homoni za kiwango cha kawaida tu. Kwa aliyejifungua, estrojeni iliyokuwa imezishikilia nywele wakati wa ujauzito imeshuka, ndiyo maana miezi miwili hadi minne baadaye zinatoka kwa mafungu. Hurudi zenyewe, kwa kawaida ndani ya mwaka. Mama huyo hahitaji minoksidili, na haishauriwi kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Aliyepoteza nywele za pembeni ya uso kwa kusukwa kwa kukazwa naye hana ugonjwa wa homoni. Nywele zimevutwa. Dawa ya kwanza ni kuacha kuzivuta, mapema, kabla kovu halijaziba vishina.

“Mwenye kipara ana homoni nyingi kuliko wengine”

Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya balehe hawakuota kipara, ila baadhi yao waliota walipopewa testosteroni. Homoni ni lazima iwepo. Lakini kinachotofautisha mwenye kipara na asiye nacho ni wepesi wa vishina vya nywele kuitikia DHT, jambo la kurithi kwa baba na mama. Wingi wa homoni kwenye damu hausemi chochote hapo.

“Haigusi homoni, kwa hiyo nikipona nitaacha”

Ni kinyume chake. Kwa kuwa haigusi homoni, DHT inaendelea na kazi yake kila siku. Kupaka minoksidili ni kama kukumba maji kwenye mtumbwi unaovuja: unaelea maadamu unakumba. Ukiacha, ulichopata hupotea ndani ya miezi mitatu hadi sita. Matokeo yenyewe huhitaji angalau miezi minne, na katika wiki za mwanzo nywele huweza kupukutika zaidi, kwa sababu zile zilizopumzika zinasukumwa nje na zinazoota. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani homoni zimevurugika.

Kutogusa homoni hakuifanyi kuwa maji ya kunywa. Mwenye ugonjwa wa moyo aanze kwa daktari, na anayepata maumivu ya kifua, mapigo ya moyo ya kasi au kuvimba miguu aiache mara moja. Mwaka 2024 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walitaka onyo liwekwe kwa sababu ya watoto wachanga walioota nywele baada ya kugusana na vichwa vya baba zao. Nawa mikono, acha kichwa kikauke, ndipo umbebe mtoto. Hata paka wa nyumbani akiilamba dawa hii kidogo tu anaweza kufa.

Mwisho, kama unakwenda kupima homoni, minoksidili ya kupaka haitaharibu majibu. Kinachoweza kuyaharibu ni vidonge vya “vitamini za nywele” vyenye bayotini nyingi: vinaweza kukipotosha kipimo cha tezi ya shingo, cha testosteroni, hata kile cha moyo. Mwambie mhudumu wa maabara kwamba unavimeza, na kwa ushauri wake visimamishe angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu.