Pomboo mwenye nundu wa Menai ni spishi gani?

Katika Ghuba ya Menai, kusini mwa Unguja, wanaishi pomboo wa aina mbili ambao wageni wengi huwachanganya. Mmoja ni Tursiops aduncus, mwenye pezi la mgongoni lililopinda kama mundu, anayezisogelea mashua bila woga. Mwingine ni mkimya zaidi. Mgongoni ana nundu ndefu, na juu ya nundu hiyo kipezi kidogo. Katika kazi yangu ya utafiti wa nyangumi na pomboo, huyu mwenye nundu ndiye ninayeulizwa zaidi, na historia yake ni ndefu.

Mwaka 1829 Cuvier, mtaalamu wa wanyama kutoka Ufaransa, alimwita plumbea, yaani mwenye rangi ya risasi, kutokana na mnyama wa pwani ya Malabar, India. Baadaye wanasayansi wengi walimweka ndani ya Sousa chinensis, spishi aliyoitaja Osbeck mwaka 1765 huko China. Siwalaumu. Mafuvu yalikuwa machache, tena yametawanyika katika makumbusho ya nchi mbalimbali. Hata ndugu yake wa Afrika Magharibi, Sousa teuszii, alipoelezwa na Kükenthal mwaka 1892 kutokana na mnyama wa Kamerun, alidhaniwa ni mla majani, kumbe ni mla samaki!

Mwaka 2014 watafiti Jefferson na Rosenbaum waliupitia upya ushahidi wote wakapata spishi nne za Sousa: teuszii, plumbea ambaye ndiye wetu wa Menai, chinensis na sahulensis wa Australia. Rangi peke yake isingetosha, kwani hubadilika kwa umri. Pomboo wa China huzaliwa kijivu kisha akaendelea kupauka hadi kuwa mweupe au wa waridi, ilhali wetu hubaki kijivu. Nundu nayo haitoshi, maana wetu na wa Afrika Magharibi wote wanayo, wakati wale wawili wa mashariki hawana. Ikabidi kupima mafuvu, kuhesabu meno na pingili za uti wa mgongo, na kulinganisha DNA. Kwangu mimi hoja yenye nguvu ni kwamba vipimo hivyo vyote vilielekea upande mmoja.

Matokeo yake si ya makabatini tu. Mwaka 2008, akiwa bado amejumuishwa na wenzake wa China, IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ilimweka katika kundi la wanaokaribia kuwa hatarini. Alipopimwa peke yake, Orodha Nyekundu ya shirika hilo ya 2017, inayopima hatari ya spishi kutoweka, ikamtaja kuwa hatarini kutoweka. Huyu hakai bahari kuu. Hukaa karibu na ufuo, kwa kawaida kwenye maji yasiyozidi mita 25, na huko ndiko majarife hutegwa. Jike huzaa ndama mmoja tu kwa kila mimba, kwa hiyo kila anayenasa ni pengo lisilozibika upesi. Na hapa Unguja kusini, hadi katikati ya miaka ya 1990 pomboo waliwindwa wawe chambo cha papa.

Kazi ya kuainisha bado inaendelea. DNA ya pomboo wenye nundu wa Bangladesh inaashiria kwamba huenda nao ni kundi la peke yao. Ndiyo maana nawaomba wavuvi: akikutwa pomboo amekufa ufukweni, msimzike kabla ya kumpiga picha pezi, mdomo na ubavu mzima, na kumjulisha ofisa uvuvi wa eneo lenu.