Kiwanda kilibeba mashine, sawa. Kilizibeba wapi?

Nimeisikia tena wiki iliyopita, na safari hii naandika kabisa ili mwingine akiniuliza nimtumie asome. "Injinia, humu zilikuwa zinanguruma mashine za tani kumi kumi, sasa nyanya na mchicha zitalishindaje jengo?" Kikundi kizuri, wana nia, wamepewa kiwanda kilichofungwa wakifanye shamba la mjini na sehemu ya watu kukutana, na wameshachora matuta paa zima. Hizi kazi nazipenda kuliko kujenga jipya, ndo maana jambo hili linanikera.

Jamani, mashine zilikuwa chini. Mashine nzito inakaa ghorofa ya chini, juu ya msingi wake wenyewe wa zege, mara nyingi umeachanishwa na sakafu makusudi ili mtikisiko usipasue kuta. Uzito ule uliingia ardhini moja kwa moja, jengo halikuubeba hata siku moja, lenyewe lilikuwa mwavuli. Na paa ndo jepesi kuliko vyote, kenchi za chuma, mabati, na nafasi ya fundi mmoja wawili kupanda kuziba panapovuja. Paa la namna hiyo hupigiwa hesabu ya kilo 40 hadi 100 hivi kwa mita ya mraba, juu ya uzito wake lenyewe. Udongo wa kawaida ukilowa chepechepe unakaribia tani 1.8 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo weka sentimita 25 tu, ushafika kilo 450 kwa mita ya mraba na hujapanda mche wala hajapanda mtu.

Najua mtanitajia viwanda vya ghorofa. Kweli, vinu vya pamba vya Uingereza vilikuwa na mashine mpaka ghorofa za juu na sakafu zake nyingi ni imara, ila vingi vya zamani vimesimama kwenye nguzo za chuma cha kusubu, ambacho ukikigandamiza kinavumilia, ukikipinda kinakatika bila kukuonyesha dalili. Na mtanitumia tena picha za Brooklyn Grange kule New York, bustani iliyoanza 2010 juu ya paa la kiwanda. Lile jengo ni la 1919, la zege nzito, na udongo waliopandisha si wa shambani, ni mchanganyiko mwepesi wa mboji na mawe yenye vitundu. Paa liliweza, ndo maana bustani ipo.

Sasa maji, maana hapa ndo watu hawanisikilizi kabisa. Lita moja kilo moja, tanki lenye kina cha mita moja ni tani nzima kwenye kila mita ya mraba, iwe la samaki au la kumwagilia. Tena mashine inazimwa, inahamishwa, bidhaa ghalani zinaingia zinatoka, lakini tuta lililolowa linakaa palepale mchana na usiku, na hata paa likiwa la zege, zege iliyobebeshwa mzigo usioondoka inaendelea kupinda polepole kwa miaka. Ikipinda, katikati panakuwa bonde, maji ya mvua yanakimbilia bondeni, uzito unaongezeka, inapinda tena, maji yanazidi. Yaani paa linajitafutia mzigo lenyewe! Ongeza majani makavu yaliyoziba tundu la kutolea maji, basi mvua kubwa moja inatosha. Nimewahi kupanda paa nikakuta maji yanafika kifundo cha mguu chini ya masanduku ya miche, na wenyewe wanajisifu udongo haukauki.

Watu nao ni mzigo. Sehemu ya mkusanyiko naipigia kilo 500 kwa mita ya mraba, maana siku ya mavuno watasimama wote upande mmoja wapige picha.

Mengine haraka haraka. Mapaa yale ya meno ya msumeno, vioo vyake vilielekezwa upande usio na jua makusudi, ili wafanyakazi wasipigwe na joto, kwa hiyo mwanga wake unatosha kusomea ila nyanya zitarefuka bila kuzaa. Sakafu imekunywa oili, rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, pima kwanza, na mboga ziwe kwenye masanduku yenye udongo wa kuletwa.

Niseme na hili. Michoro ya majengo haya mara nyingi imepotea, kwa hiyo tunatoboa zege sehemu sita saba, tunapima, kisha tunasaini kuhusu sakafu nzima. Vipande sita vinazungumzia mahali sita. Nondo iliyoliwa na kutu hatua mbili pembeni sijaiona. Ndo maana napunguza uzito ninaoruhusu kuliko hesabu inavyoniambia, na injinia mwingine makini anaweza kukupa namba tofauti na yangu bila kukosea.

Kile kikundi tumekubaliana hivi: juu masanduku mepesi yanafuata mistari ya nguzo, katikati wazi, matundu ya maji yanakaguliwa kila wiki. Matanki yote chini. Na chini nimewaonyesha yale matofali makubwa ya zege waliyotaka kuyavunja kwa sababu yanakwaza watu, bolti bado zimechomoza. Ndo misingi ya mashine zao za tani kumi. Tunakata bolti, tanki linakaa hapo.