Gemu za Siku Hizi Zimekuwa Mteremko? Dhana na Ukweli

Kaa kwenye kibanda chochote cha gemu hapa Mwanza, iwe Mabatini, Igoma au kule Kirumba jirani na Mwaloni. Mechi mbili haziishi kabla mtu mzima mmoja hajasimama mlangoni na kutoa hukumu: gemu za sasa ni za watoto, zetu ndizo zilikuwa gemu. Vijana wanamjibu bila kugeuza shingo kwamba uzee unamsumbua. Nimeyasikia mabishano hayo kwa miaka, na pande zote mbili zina maneno yasiyosimama yakipimwa.

Dhana: Kila toleo linalofuata ni jepesi kuliko lililotangulia

Mwaka 1986 kampuni ya Nintendo ilitoa Japani mwendelezo wa Super Mario Bros. ambao ulikuwa wa kukomoa: uyoga wenye sumu, upepo unaokusukuma, njia za mkato zinazokurudisha nyuma badala ya kukupeleka mbele. Ofisi yao ya Marekani ikaona huu hauuziki kwao. Mwaka 1988 Wamarekani wakapewa gemu nyingine kabisa ya Kijapani, Doki Doki Panic, iliyobadilishwa wahusika na kupewa jina la Super Mario Bros. 2. Kwa hiyo mwendelezo mgumu ulikuwepo, na mwepesi pia ulikuwepo. Soko ndilo liliamua nani apate upi.

Njoo kwenye mpira sasa, maana huko ndiko ubishi wetu ulipo. Kwenye FIFA za zamani, kukaba kulikuwa ni kushikilia kitufe cha eksi. Beki anaufuata mpira mwenyewe huku wewe unapiga stori. FIFA 12, iliyotoka 2011, ikaleta ukabaji mpya: umsogeze beki, upime umbali, uvumilie, halafu uchague wakati wa kuingiza mguu. Ukikurupuka, umepitwa. Kabla ya FIFA 10 mchezaji alikimbia kwenye pande nane tu. Kuanzia hapo anageuka upande wowote autakao. Wazee wengi wanaosema gemu zimekuwa rahisi hufungwa nyingi na watoto wa sekondari, na mikono yao bado imeng'ang'ania eksi.

Na tusisahau Eddy Gordo, mpiganaji wa Tekken 3, gemu ya ngumi na mateke. Ulibonyeza vitufe vya mateke ovyo, akacheza dansi lake, ukashinda. Huo ndio ugumu wa zamani?

Dhana: Zamani gemu zilikuwa ngumu kwa sababu watengenezaji waliheshimu akili ya mchezaji

Hii ndiyo dhana ninayoisikia zaidi, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Gemu nyingi za miaka ya 1980 zilizaliwa kwenye mashine za kutumbukiza sarafu. Ukifa haraka, unatumbukiza nyingine. Zile za nyumbani zilibanwa na nafasi: Super Mario Bros. nzima ina kilobaiti 40, pungufu ya picha nyingi unazotumiwa WhatsApp. Gemu fupi namna hiyo inamshikaje mtu mwezi mzima? Unaifanya ngumu, arudie.

Hata waliozitengeneza zilikuwa zinawashinda. Kazuhisa Hashimoto wa Konami, kampuni ya gemu ya Japani, alipokuwa akiandaa toleo la nyumbani la Gradius, gemu ya chombo cha angani, lililotoka 1986, aliona hawezi kuifikisha mwisho akiijaribu. Akaiwekea kodi ya siri, yaani mpangilio wa vitufe, ya kumpa silaha zote. Ni ile ile iliyokuja kutoa maisha 30 kwenye Contra, gemu nyingine ya Konami: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A.

Sisi wa vibandani tuna hesabu yetu ya ziada, kwa sababu nusu ya ugumu tunaojivunia haukuwa ndani ya diski. Winning Eleven, gemu ya mpira ya Konami ambayo kwingine iliitwa PES, ilitufikia kwa Kijapani. Menyu ulizikariri kwa mahali zilipo, na kitufe cha duara ndicho kilichokubali, siyo eksi. Pedi ilikuwa imechoka, analogi inavuta upande mmoja. TV ni chogo, na winga akifika pembeni haonekani. Mwenye kibanda kaweka mechi za dakika tano ili foleni isogee, na aliyefungwa anaacha pedi na kulipa tena akitaka kurudi. Hiyo ni biashara ile ile ya sarafu, imehamia Mabatini.

GTA San Andreas, gemu ya magenge ya mtaani, ndiyo usiseme. Memori kadi haipo, au ipo na mtu kafuta, hivyo kila siku CJ, mhusika mkuu, anaanza upya na baiskeli yake. Waliobahatika kusonga walikwama kwenye misheni ya kufukuza treni kwa pikipiki, mwenzake Big Smoke yuko nyuma anapiga risasi anakojua yeye. Dawa yake ni kukaa mbali kidogo na treni, kwenye reli ya pembeni, apate shabaha, lakini hakuna anayekuambia hivyo wazi. Mimi huo siuiti ugumu wa akili. Ni mpangilio mbovu. Ndiyo maana kila kibanda kilikuwa na daftari la kodi: R1, R2, L1, eksi, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Afya imejaa, na dola 250,000 mfukoni. Wanaume wa gemu ngumu.

Dhana: Kikiondolewa kitu, gemu imeharibiwa

Mara nyingine ni kweli. Angalia Elder Scrolls, mfululizo wa gemu za safari na mapanga, za wenye kompyuta nzuri zaidi kuliko za vibandani. Morrowind ya 2002 ina fani 27 za mhusika, Oblivion ya 2006 ina 21, Skyrim ya 2011 ina 18, na vipimo kama nguvu na akili vikafutwa kabisa. Ila linaloniuma siyo namba. Kwenye Morrowind mtu alikuelekeza kama unavyoelekezwa Bugando na mama muuza ndizi: fuata barabara, ukiona jiwe kubwa pinda. Ukipotea, umepotea kweli. Oblivion ikaleta alama kwenye dira, unaifuata bila kusoma lolote. Mazungumzo yake nayo yalirekodiwa yote kwa sauti, na maelezo marefu ya njia ni gharama kuyarekodi. Hapo wazee wana haki.

Kwa GTA hawana sana. GTA IV ya 2008 iliondoa jimu, kunenepa na ndege za kurusha zilizokuwa San Andreas, ikaleta miili inayoyumba na kuanguka kama ya watu. GTA V ya 2013 ikazirudisha ndege na parachuti. Kunenepa hakukurudi, na sijamsikia mtu akikulilia.

Dhana: Anayelalamika analilia ujana wake tu

Wanasaikolojia wanajua kwamba watu wazima hukumbuka zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ya maisha yao. Kwa hiyo ndiyo, kombora la Adriano kwenye PES 6 lina chumvi ya umri. Hata Castolo na Minanda, wale wachezaji wa kubuni wa Master League, sehemu ya PES ya kuijenga timu msimu hadi msimu, waliokuwa hawana lolote, leo wanatajwa kama malejendari.

Lakini eFootball ilipochukua nafasi ya PES, Septemba 2021, ilitoka na timu chache mno, bila Master League, na nyuso za wachezaji zilizopinda mpaka zikawa kichekesho mtandaoni. Konami wenyewe waliomba radhi hadharani. PES 6 ilitaka diski na umeme. Hii inataka intaneti na masasisho, na bando analipa mwenye kibanda. Kijana akimwambia mzee kwamba hayo ni ya uzee, kijana ndiye hajaangalia vizuri.