Je, wajua kwa nini hitima ya babu huhama msimu?

Babu yetu wa Mikindani, Mtwara, alifariki katikati ya Ramadhani ya 2005. Ilikuwa Oktoba, msimu wa korosho. Waliobeba jeneza walipita shambani wakikanyaga mabibo, na harufu yake haikutoka kwenye kanzu hadi matanga yakaanuliwa. Mwaka 2025 tulimsomea hitima katikati ya Ramadhani vilevile, lakini ilikuwa Machi: mvua, futari chini ya turubai, mikorosho haina hata ua. Mdogo wangu akauliza, hivi kweli siku yenyewe ndiyo hii?

Ndiyo hii, kwa hesabu ya mwezi. Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo miezi 12 ni siku 354. Dunia nayo hulizunguka jua kwa siku 365 na robo. Basi kila mwaka hitima hutangulia kwa siku kama 11, na hurudi msimu uleule baada ya miaka kama 33. Wayahudi na Wachina, ambao nao hufuata mwezi, huongeza mwezi wa 13 miaka fulani ili wasiachane na majira. Uislamu umelikataza hilo.

Mkorosho hauna habari na mwezi. Dunia imeinama nyuzi 23 na nusu, ndiyo maana jua la utosi huhama kusini na kaskazini. Mtwara iko nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, nalo hutupita utosini mara mbili, karibu na tarehe 20 Oktoba na 20 Februari. Simama uani saa sita mchana Oktoba hiyo, kivuli chako utakuwa umekikanyaga. Mvua hulifuata jua: sisi tuna msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, ilhali Tanga, walio karibu zaidi na ikweta, wana vuli na masika. Mvua ikikatika, kusi, ule upepo wa kusini, huvuma, mikorosho huchanua katika ukavu huo, na korosho huanza kudondoka Septemba.

Manahodha wa majahazi walilijua hili zamani. Wangefuata Rajabu na Shaabani, pepo zingewageuka. Wao walihesabu siku tangu Nairuzi, mwaka wa siku 365 ambao Makunduchi, Unguja, bado wanausherehekea kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa.

Shangazi hataki kuchagua. Ramadhani hitima, na Oktoba humtolea babu sadaka ya uji kabla hatujapeleka gunia la kwanza ghalani. Nimempigia hesabu: karibu na mwaka 2038 vitaangukia mwezi mmoja, atapika mara moja.