Usiulize Kapata Ngapi, Tazama Alivyokosa

Daftari la hisabati liko wazi juu ya dawati. Swali la tatu linasema: nusu jumlisha robo. Mtoto ameandika 2/6, na pembeni pana alama ya kosa ya kalamu nyekundu. Jana jioni mtoto huyuhuyu alitumwa dukani alete sukari nusu kilo. Alipofika mlangoni mama yake akamwita: ongeza na robo. Akaenda akamwambia muuzaji, "Nipe robo tatu." Hakushika kalamu, hakuuliza mtu, na hakukosea.

Kazi yangu ni kuwaandaa walimu wa hisabati katika chuo cha ualimu hapa Tanzania. Kipindi cha mafunzo kwa vitendo kikifika, huwa nakaa dawati la nyuma katika madarasa ya sita nikiwatazama wanachuo wetu wakifundisha, na mapumziko ya saa nne huyapitisha nikifunua madaftari. Madaftari ya namna hii nimeyaona mengi mno. Ndiyo maana naandika. Mzazi anauliza "umepata ngapi?", mwalimu anajaza alama kwenye orodha, na kosa lenyewe, ambalo lingetuonyesha mtoto anavyofikiri, linafunikwa pamoja na daftari.

Hebu tulitazame hilo la 2/6. Wengi tunadhani ni uzembe. Lakini tangu darasa la kwanza mtoto amejumlisha namba nzima. Akiona 1/2 na 1/4, machoni pake hazipo namba mbili; zipo nne, mbili juu na mbili chini. Anajumlisha za juu, anajumlisha za chini, kazi imekwisha. Na ana ushahidi wa kumtetea. Ukipata swali 1 kati ya maswali 2 Jumatatu, na swali 1 kati ya maswali 4 Jumanne, kwa siku mbili umepata maswali 2 kati ya 6. Mwalimu wake mwenyewe hujumlisha alama za majaribio hivyohivyo. Kwa hiyo njia ya mtoto inafanya kazi mahali fulani, ila hapa si mahali pake. Kwenye majaribio, maswali yanaongezeka kila siku. Kwenye sukari, kilo ni ileile moja. Tofauti hiyo hakuna aliyemwambia.

Mwalimu anayesoma alama tu atarudia kanuni: tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika), badili asili, yaani namba ya chini, jumlisha kiasi, yaani namba ya juu. Mtoto atainakili, na wiki ijayo ataandika 2/6 tena. Mwalimu aliyesoma kosa atamrudisha dukani. Nusu kilo ni gramu 500. Wewe umeandika 2/6, ambayo ni theluthi moja, yaani kama gramu 333. Uliongezewa robo, sukari ikapungua? Nimeliona swali hili likiulizwa, na darasa zima likanyamaza, kisha mtoto mmoja akasema polepole, "Haiwezekani." Neno hilo nalithamini kuliko kumi kati ya kumi. Mtoto akishaona mwenyewe kwamba jibu lake haliwezekani, KDS inakuwa na kazi: inatusaidia kukata vipande vyote viwe vya ukubwa mmoja ili viweze kuhesabika pamoja. Nusu ni robo mbili. Robo mbili na robo moja ni robo tatu.

Hapa nina ombi kwa walimu wenzangu. Kigawe na kigawo ni maneno yanayotofautiana herufi moja ya mwisho, na kwa mtoto aliyeketi nyuma kabisa karibu na dirisha, huku darasa la jirani wakiimba, ni neno moja. Tamka, andika ubaoni, kisha onyesha: 12 ni kigawe cha 4, na 4 ni kigawo cha 12. Dakika moja tu, lakini inaokoa mada nzima. Na tusisahau kwamba lugha yetu ina utajiri wa majina ya sehemu. Zaidi ya nusu, theluthi na robo, tuna sudusi, yaani moja ya sita, na thumni, ambazo familia za Kiislamu huzisikia kila mirathi inapogawanywa. Mtoto akijua kwamba mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani moja ya nane, ameshajua kwamba sehemu si michoro ya duara kitabuni.

Desimali nazo zina kosa lao, nalo ni la kawaida kiasi kwamba nikiingia darasani naweza kulitabiri. Uliza ipi kubwa, 0.25 au 0.3. Watoto wengi watasema 0.25, kwa sababu 25 ni kubwa kuliko 3. Chanzo kimoja ni sisi wenyewe tunavyosoma. Tunasema "sifuri nukta ishirini na tano", mtoto anasikia ishirini na tano. Tukisoma "sifuri nukta mbili tano", ile mbili inakaa mahali pake pa sehemu za kumi. Baadaye mpe rula ndefu ya ubaoni, ile ya mita moja, aonyeshe 0.3 ya mita na 0.25 ya mita. Kidole kitafika sentimita 30, kisha kitarudi nyuma hadi 25.

Kwa nini nalizungumzia darasa la sita na si jingine? Kwa miaka mingi darasa hili halikutazamwa. Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa, darasa la saba lina mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na la sita lipo katikati, halina mgeni. Mtoto angeweza kupita humo na 2/6 yake salama hadi darasa la saba, kisha tukaanza kumkimbiza usiku na mchana kwa tuisheni. Sasa mambo yanabadilika. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Watoto walioingia darasa la tatu Januari 2024 kwa mtaala mpya wamepangiwa kumaliza shule ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, mwaka mmoja na wale wa mwisho wa darasa la saba. Mwaka wa saba wa kuzibia mapengo hautakuwepo tena. Na mbele yao iko sekondari, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza.

Kiingereza chenyewe kina mafunzo mazuri kwa anayependa kusoma makosa. Mtoto anaandika "My mother she cooks ugali." Kalamu nyekundu inakata "she", na imekata sawa. Lakini ile "she" imetoka wapi? Imetoka kwenye "a" ya "anapika". Kwetu, mama akishatajwa, kitenzi bado kinamtaja tena: mama yangu a-napika. Mtoto ameitafsiri ile "a" kwa uaminifu. Ukimweleza kwamba Kiingereza kikishamtaja mama hakimrudii ndani ya kitenzi, umempa ufunguo wa sentensi mia. Vivyo hivyo anayeandika "My sister he is tall". Kiswahili hakimtenganishi dada na kaka katika kitenzi. Wote ni "a". Hajui kubagua kwa sababu hajawahi kuhitaji.

Na saa. Anaulizwa kwa Kiingereza shule huanza saa ngapi, naye anajibu "two o'clock in the morning". Kwa hesabu ya Kiingereza hiyo ni saa nane usiku, wakati hata jogoo hajawika. Yeye ameisoma saa mbili asubuhi kama tunavyoisoma sote, tukianza kuhesabu jua linapochomoza. Mweleze kwamba Waingereza huanza kuhesabu usiku wa manane na adhuhuri, ndiyo maana saa zao na zetu zimepishana sita. Kuna watoto niliowaona wakifundishwa hivyo mara moja na hawakukosea tena, baada ya miaka miwili ya kusahihishwa kila juma.

Somo la sayansi nalipitia kwa mfano mmoja tu, kwa kuwa naupenda. Uliza mahindi yanapata wapi chakula chake. Darasa zima litajibu: kwenye udongo. Nani awalaumu, wakati sisi wenyewe tunaita mbolea "chakula cha mimea"? Kosa hili ni la kale na la heshima. Katika karne ya 17 mwanasayansi mzaliwa wa Brussels, Jan Baptist van Helmont, alipanda mche wa mti wenye uzito wa kama kilo 2 kwenye chombo chenye udongo mkavu wa kama kilo 90. Kwa miaka mitano akaumwagilia maji tu. Alipoupima tena, mti ulikuwa umefika kama kilo 77, na udongo ulikuwa umepungua gramu zisizofika 60. Alitambua kwamba mti haukuwa umekula udongo, kisha naye akakosea: akasema mti wote umetokana na maji. Hakujua kwamba majani huchukua hewa ya kabonidayoksaidi na, kwa nguvu ya jua, huiunganisha na maji kutengeneza chakula. Udongo hutoa maji na madini machache. Nikiwasimulia watoto kisa hiki nyuso zao hubadilika. Hawakuwahi kufikiri kwamba mtu mzima mwenye akili, aliyepima kwa mizani, anaweza kukosea na kosa lake likasaidia watu kuendelea.

Najua mwalimu anayesoma hapa anasema nini moyoni: nina watoto themanini. Hesabu yake ni sahihi. Kipindi ni dakika 40. Ukilipa kila daftari dakika moja tu, umemaliza vipindi viwili na bado hujafundisha kitu. Kwa hiyo simwambii asome kila kosa la kila mtoto. Wanachuo wetu tunawafundisha hivi: wape watoto maswali matatu badala ya kumi na tano, chukua madaftari kumi kutoka sehemu mbalimbali za darasa, na usitafute alama, tafuta makosa yanayofanana. Mara nyingi hayazidi aina tatu. Kesho yake yaandike ubaoni bila jina la mtu, uulize, "Aliyejibu hivi alikuwa anawaza nini?" Watoto wenyewe watafanya kazi iliyobaki, na mwenye kosa atalisikiliza likijadiliwa bila kuonewa haya.

Hilo la haya si dogo. Mtoto wa darasa la sita ana miaka kumi na moja, kumi na miwili, wengine zaidi. Mwili unabadilika, sauti inakatika, na macho ya wenzake yana uzito ambao darasa la tatu hayakuwa nao. Mkono uliokuwa ukinyooshwa juu mpaka mtoto anainuka kitini sasa unabaki mezani. Makosa yanaanza kufichwa. Utaona karatasi iliyotoboka kwa kufutwa kwa mate, utaona jibu sahihi lisilo na njia kwa sababu limeangaliziwa kwa jirani. Daftari hilo linapendeza kwa alama za vema, ila mwalimu halimwambii kitu.

Na kinachomfanya mtoto afiche zaidi ya vyote ni fimbo. Hapa nasema waziwazi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema adhabu hiyo ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, isizidi viboko vinne, na itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Kukosa hesabu si utovu wa nidhamu. Mtoto anayechapwa kwa sababu ya 2/6 haondoki amejua robo tatu. Anaondoka amejua kwamba anachowaza ni hatari kukionyesha, na kuanzia hapo utafundisha ukiwa umefumbwa macho.

Wazazi wengi huniambia: mimi mwenyewe niliishia la nne, nitamsaidiaje? Huhitaji kujua jibu. Jioni, baada ya vyombo kuoshwa, mwambie alete daftari. Chagua swali moja alilokosa, moja tu. Mwambie, "Hebu nieleze hapa ulifanyaje." Kisha nyamaza. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu ulimi utakuwasha. Muache afike mwisho hata akizunguka. Watoto wengi hugundua walipopotea wakiwa katikati ya maelezo. Utamsikia akisema "ah, ngoja kwanza" na kushika kalamu. Asipogundua, mwambie kesho amuulize mwalimu swali hilohilo, kwa maneno hayohayo aliyokueleza wewe.

Na kama ni sehemu zinazomsumbua, wewe ni mtaalamu kuliko unavyodhani. Mama lishe hupima mchele kwa kikombe kimoja na nusu, fundi cherehani hukata kitambaa mita mbili na robo, fundi ujenzi huchanganya ndoo ya saruji na ndoo za mchanga. Mpe mtoto muhogo mmoja na kisu kisicho kikali sana. Mwambie akate nusu akuwekee. Kile kipande kilichobaki akigawe katikati, akuongezee kimoja. Muulize una kiasi gani mkononi, na akishajibu, mwambie aandike hivyohivyo kwenye daftari.