Si kilio cha buibui tu

Ukitaja riwaya za wanawake wa Kiarabu, wengi hudhani watakutana na kilio kilekile: buibui, mume mkali, mlango uliofungwa. Majalada ya tafsiri zake nayo yamechangia. Mara ngapi tumeona macho mawili tu yakichungulia kitambaani?

Chukua Sayyidat al-Qamar ya Jokha Alharthi wa Oman, ya mwaka 2010, ambayo tafsiri yake ya Kiingereza ilishinda Tuzo ya Kimataifa ya Booker mwaka 2019. Ndoa zimo, za dada watatu. Lakini kinachoisumbua nyumba ile ni utumwa, uliofutwa Oman mwaka 1970 tu. Mfanyabiashara mzee, akili zikimtoka kitandani, bado anaamuru mtumwa wake afungwe kamba; mwanawe anamwambia serikali imeshawapa uhuru, mzee hasikii. Na dada mkubwa anampa bintiye jina London, watu wakabaki vinywa wazi. Oman haikuwa koloni rasmi la Mwingereza, ila kivuli chake kilikuwapo. Na yenyewe iliitawala Zanzibar. Basi swali la "sisi ni nani" hapo lina pande mbili: mtawaliwa na mtawala. Sisi wa pwani tunalijua hilo.

Assia Djebar wa Algeria naye, katika L'Amour, la fantasia (1985), anachanganya uvamizi wa Wafaransa wa 1830 na utoto wake. Ukurasa wa kwanza ni msichana mdogo anakwenda shule siku ya kwanza. Aliyemshika mkono ni baba yake.