Injini ya rotari: maana yake, na maana ya kuifunga upya nyumbani

Injini ya rotari ni injini ya petroli isiyo na pistoni, isiyo na valvu, isiyo na kemshafti wala silinda hedi. Mahali pa pistoni kuna kipande cha chuma cha pembetatu, mbavu zake zimevimba kidogo, kinaitwa rota. Rota inazunguka ndani ya chumba chenye umbo la ganda la karanga la punje mbili, kirefu na kilichobonyea kidogo kiunoni. Ncha zake tatu zinagusa ukuta wa chumba muda wote, kwa hiyo kati ya rota na ukuta kuna nafasi tatu, na kila moja hupanuka na kusinyaa rota inapozunguka. Ikipanuka inavuta hewa na petroli. Ikisinyaa inabana, plagi inawasha, moto unaisukuma rota, kisha moshi unatoka. Ni hatua nne zilezile za injini ya Noah au Probox, ila hapa kila ubavu wa rota uko kwenye hatua yake kwa wakati mmoja.

Hapa Kigoma gari la injini hii ni la nadra. Ukilikuta, yaelekea ni Mazda RX-8, iliyotengenezwa kati ya 2003 na 2012, imekuja kwa mtumba kutoka Japani. Injini ikichoka, mwenye gari huambiwa kwamba haifunguliki, atafute nyingine nzima. Jibu hilo silikubali. Inafunguliwa, inafungwa, na inaweza kufanyiwa kazi hiyo uani kwa mtu. Vitu vikubwa vinavyozunguka ndani yake ni vitatu tu: rota mbili na shafti moja. Kinachowakwamisha watu ni kuifuata kwa desturi za injini ya pistoni, wakati kazi yake karibu yote iko kwenye sili na vipimo.

Anza na ukubwa wake, maana kadi ya gari inachanganya. Imeandikwa lita 1.3. Katika injini ya Mazda aina ya 13B, na ya RX-8 imo katika ukoo huo, shafti ina mhimili uliosogezwa pembeni kwa milimita 15, rota ina kimo cha milimita 105 kutoka katikati hadi nchani, na upana wa milimita 80. Zidisha 15 kwa 105 kwa 80, kisha kwa 5.196, namba inayotokana na umbo la pembetatu, utapata sentimita za ujazo 654. Hiyo ni nafasi moja. Rota ziko mbili, ndiyo maana 1,308. Lakini kila shafti inapozunguka mara moja, kila rota inawasha nafasi moja nzima, wakati pistoni ya gari la kawaida huwasha mara moja kwa mizunguko miwili ya krankshafti. Kwa hiyo hewa na petroli inayomezwa katika kila mzunguko ni sawa na ya injini ya pistoni ya lita 2.6. Anayeshangaa kwa nini gari la "1.3" linakunywa petroli hivyo, hesabu ni hiyo. Rota yenyewe haiendi kasi: inazunguka mara moja shafti inapozunguka mara tatu. Gia ya ndani ya rota ina meno 51, nayo imeshikana na gia iliyofungwa isizunguke yenye meno 34.

Sasa sili. Ncha ya rota haigusi ukuta kwa chuma chake yenyewe. Imechongwa mfereji, na ndani ya mfereji mna ubapa mwembamba wa chuma unaosukumwa na springi kwenda ukutani. Huu ndio sili ya ncha. Kwenye kila kona ya rota, pande zote mbili, kuna kipande kidogo cha duara, sili ya kona. Kati ya kona na kona, kwenye nyuso bapa za pande hizo mbili, kuna utepe mwembamba uliopinda, sili ya ubavu. Rota moja ina sili za ncha 3, za kona 6, za ubavu 6. Kwa rota mbili jumla ni 30, kila moja na springi yake, bila kuhesabu ringi za oili. Kazi ambayo ringi tatu za pistoni hufanya kwa kukaa kwenye mduara, hapa inafanywa na vipande vinavyokutana kwenye kona, na kila vinapokutana pana mwanya wa kuvujisha.

Historia yote ya injini hii ni habari ya vipande hivyo. Wazo ni la Mjerumani Felix Wankel (1902–1988). Injini ya majaribio iliwaka katika kampuni ya NSU mwaka 1957, lakini ndani yake hata chumba kilizunguka. Hanns Dieter Paschke ndiye aliyeipanga upya chumba kikae tuli. NSU iliuza magari ya Spider kuanzia 1964 na Ro 80 kuanzia 1967. Ro 80 ilichaguliwa gari bora la mwaka Ulaya kwa 1968, na bado wamiliki walikuwa wakirudisha injini kwa sababu sili za ncha ziliisha mapema. Huko Japani, wahandisi wa Mazda wakiongozwa na Kenichi Yamamoto walifungua injini zao za majaribio wakakuta ukuta wa chumba umejaa mikwaruzo ya mawimbi, wakaiita kucha za shetani. Sili ilikuwa inatetemeka badala ya kuteleza. Walipobadilisha kitu kilichotumika kuitengeneza, wakatumia kaboni iliyochanganywa na alumini, ndipo gari la Cosmo Sport likatoka mwaka 1967. Mwaka 1991 Mazda 787B yenye rota nne ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans. Naitaja kwa sababu mashine iliyokimbia saa 24 mfululizo kwa kasi ile haistahili kuitwa mbovu kwa asili.

Hapa ndipo dhana ya kufunga upya inapotofautiana na tunayoijua. Injini ya pistoni ikiisha silinda, inapelekwa kwa fundi wa lethi, inapigwa bori, zinawekwa pistoni za oversaizi na ringi zake, maisha yanaendelea. Rotari haina oversaizi. Chumba chake ni cha alumini, kwa ndani kina bamba la chuma lililopakwa kromu ngumu. Kromu ikibanduka, au sili iliyovunjika ikiuchimba ukuta, hakuna cha kuchonga. Unanunua chumba kingine. Bamba za pembeni zinazofunika chumba, za chuma cha kumimina, zinaweza kusawazishwa na karakana nzuri, ila nyingi zina ngozi ngumu juu, na ukiiondoa hairudi yenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya bei ya sili wala gasketi, ni hali ya vyumba viwili. Vikiwa vizima, injini inafungika kwa gharama ya kibinadamu. Vikiwa vimechimbika, piga hesabu upya na usione haya kuachana nayo.

Kupima kabla ya kufungua kunawezekana. Geji ya kawaida ya kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya injini, inashika kipimo cha juu kabisa na kukiacha hapo, na kwa rotari hilo linaficha ugonjwa, kwa kuwa nafasi tatu zinapita kwenye tundu lilelile la plagi. Toa kivalvu kidogo cha kuzuia hewa kwenye geji, kanyaga pedali ya mafuta mpaka mwisho, piga starta, tazama sindano. Itaruka mara tatu, tatu, tatu. Miruko ikilingana, vizuri. Ukidhoofika mmoja tu, shuku sili ya ubavu au ya kona. Ikidhoofika miwili inayofuatana, shuku sili ya ncha, maana hiyo inatenganisha nafasi mbili na ikivujisha zinaumia zote. Ikiwa yote mitatu iko chini, uchakavu ni wa jumla.

Mazda inataka kompresheni ya RX-8 isipungue baa 6.8 shafti ikizunguka mara 250 kwa dakika. Kipimo hicho ni cha usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari, na mji wa Kigoma umepanda juu kidogo ya hapo. Hewa kwenye kimo hicho ina mgandamizo mdogo kwa karibu asilimia 9, kwa hiyo injini ileile ambayo Dar es Salaam ingesoma 6.8, hapa itasoma karibu 6.2. Tabora, kwenye mita 1,200 hivi, pengo linafika asilimia 13. Nasisitiza hili kwa sababu injini inaweza kufumuliwa bure kwa namba iliyosomwa bila kujali mahali. Betri iliyochoka nayo inazungusha polepole na kushusha kipimo, basi chaji kwanza.

Kuhusu oili, mtu wa Kibirizi, bandari ndogo ya hapa Kigoma, anayeendesha boti ana faida kuliko fundi wa magari. Mashine nyingi za boti ni za hatua mbili: hazina valvu, zina matundu yanayofunguliwa na pistoni yenyewe, na oili inachanganywa ndani ya petroli ili iungue. Rotari ni jamaa yake. Matundu yake yanafunguliwa na rota inapopita, na sili za ncha hazina njia ya kupata ulainishaji ila oili iletwe ndani ya chumba na iungue. Kuna pampu ndogo inayodondoshea oili humo. Kwa hiyo rotari kupunguza oili ni sehemu ya kazi yake, na asiyeangalia kijiti cha oili kila anapojaza petroli anaiua. Wenye kuijali huongeza oili ya hatua mbili kwenye tangi, mililita 4 hadi 8 kwa lita moja ya petroli. Ni kidogo sana ukilinganisha na mililita 20 kwa lita zinazotumika kwenye mashine nyingi za boti, lakini sababu ni ileile. Iwe oili ya hatua mbili hasa, kwa kuwa imetengenezwa iungue bila kuacha majivu mengi.

Adui mwingine ni kuchemsha. Injini imepangwa tabaka: bamba la chuma, chumba cha alumini, bamba, chumba, bamba, na bolti ndefu zinapita zote toka mwanzo hadi mwisho. Alumini inatanuka kuliko chuma. Ikichemsha kupita kiasi, oringi zinazozuia maji zinabanwa mno, hazirudi, na springi za sili zinalegea. Dalili ni maji kupungua bila kuonekana yanapovujia, na moshi mweupe asubuhi. Rejeta iliyoziba tope ni sababu ya kutosha kuimaliza injini hii, hata kama gari la jirani lingevumilia.

Mahali pa kufungia: ndani, si chini ya mwembe. Vumbi letu jekundu la kiangazi ni jiwe la kunolea kwenye sili mpya. Chumba chenye sakafu ya saruji iliyonyunyiziwa maji, shuka safi mezani, mlango umefungwa, panatosha. Kila kipande kiingie mfuko wake wenye jina la rota, ubavu na kona kilipotoka. Fungua kwanza, pima kila kitu, ndipo uagize, na uagize kwa mkupuo mmoja. Toka Dar es Salaam hadi hapa kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na oringi moja uliyoisahau inaweza kuilaza injini wazi kwa wiki nzima.

Vifaa vya kupimia ndivyo vya kuwekea fedha: maikromita ya kupima unene, fila geji ya kupima mianya, rula nyoofu ya chuma. Bamba la pembeni lisiwe limepinda zaidi ya milimita 0.04. Shafti, ikishafungwa, isogee mbele na nyuma kati ya milimita 0.04 na 0.07. Kazi ya kutesa kuliko zote ni sili za ubavu. Zinakuja ndefu kuliko inavyotakiwa, nawe unazipunguza kwa tupa laini, moja moja, mpaka mwanya kati yake na sili ya kona uwe milimita 0.05 hadi 0.15. Ukipitisha tupa mara moja zaidi umeiharibu. Ikishakubali mahali pake haihamishwi kwenda kwingine. Ni sili 12, na yeyote anayekuambia amezimaliza kwa saa moja hakuzipima.

Wakati wa kupanga, vaselini ndiyo inayoshikilia sili kwenye mifereji yake zisianguke bamba linaposhuka juu. Ni vaselini hiihii ya dukani, itayeyuka na kuungua. Bolti ndefu zinakazwa hatua kwa hatua, kwa zamu ya kupishana, mwisho niutoni-mita 31 hadi 39 tu. Ni mkazo mdogo, na mwenye mkono mzito atapotosha tabaka zote. Nati ya flaiwili, gurudumu zito la mwishoni mwa shafti, ni kinyume chake: soketi ya 54, na niutoni-mita 392 hadi 490, kazi ya bomba refu na watu wawili. Kila tabaka likishafungwa, zungusha shafti kwa mkono. Ikikwama, rudi nyuma. Sili moja imetoka mahali pake, na ukilazimisha utaivunja.

Siku ya kuiwasha, weka mchanganyiko wa oili kwenye petroli tangu tangi la kwanza. Itazunguka muda mrefu bila kuwaka, kwa sababu sili mpya hazijakaa ukutani na kompresheni bado iko chini. Ikiwaka itatoa moshi mwingi wa vaselini na oili, mwache jirani ajue mapema. Angalia geji ya joto kuliko unavyoangalia moshi. Ikishatulia, iendeshe kwa upole kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo, bila kuivuta kwenye mizunguko ya juu na bila kuilemea kwa gia kubwa kwenye mlima, badilisha oili mapema, kisha pima kompresheni tena. Sindano ikiruka mara tatu kwa usawa, juu ya 6.2 ya Kigoma, sili zimekaa.